Desmond Pickering, Aliyemwachia Mkewe Basi na Karatasi Zake

Ndugu, jamaa na majirani wote wa barabarani, tumekusanyika kumsindikiza Desmond Alwyn Pickering. Alizaliwa Oamaru tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa Alwyn na Edna. Mimi Noeline, mdogo wake, nilimfuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo hakupata utulivu mpaka alipoanza shule.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Oamaru. Michezo haikuwa yake. Mpira ukija upande wake aliupisha kwa heshima. Lakini mwandiko wake ulisifiwa, na mwaka 1964 aliajiriwa kuwa karani bandarini Timaru, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2009. Watu walimletea fomu zao za kodi hata kanisani, naye alizijaza kwa furaha.

Tarehe 6 Novemba 1971 alimwoa Glenys Hoskin, binti wa fundi matrekta wa Geraldine. Walijaliwa mtoto mmoja, Murray. Baada ya kustaafu waliuza nyumba, wakanunua basi kuukuu la shule, Glenys akalitia kitanda, jiko na choo, wakahamia humo. Waliliita Hazel, jina la mama yake Glenys, kwa kuwa, alisema Desmond, wote wawili walichelewa kuwaka asubuhi. Mama mkwe alikuwa hai wakati huo, na alicheka kuliko sisi sote.

Walizunguka nchi nzima, lakini Jumatatu basi halikuondoka. Hiyo ilikuwa siku ya kazi. Desmond alikaa mezani na bima, usajili na kodi ya barabara. Glenys alikuwa chini ya gari au juu yake, grisi mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja aliiogopa kazi ya mwenzake. Desmond alitumwa mara moja tu kumwaga sanduku la choo, pale Motueka. Alirudi bila viatu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Murray, kwa mapenzi tu, alitaka mama yake aje kuishi kwake Timaru baba akishafariki. "Mama, gari unaliweza, sibishi," alimwambia mbele yangu. "Lakini karatasi? Hujawahi kulipa hata kodi ya barabara. Baba akiondoka, hilo basi watakukamatia mwezi huo huo." Glenys alijua kuwa ni kweli. Na lile basi ndilo lilikuwa nyumba yake, hakutaka nyingine.

Jumatatu iliyofuata Desmond alimsogezea simu na faili. "Leo wewe. Mimi nakunywa chai."

"Des, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia, mama Murray. Anza na kodi."

Kwetu gari la dizeli hununuliwa kilomita kabla ya kuzitembea, na hiyo ndiyo kodi ya barabara. Glenys alitoka na simu akasome namba ya gari, lakini jirani wa kambini, Wikitoria Rehu, akamwita amtazamie pampu ya maji ya basi lake. Glenys hawezi kuipita pampu mbovu. Akaitengeneza, kisha akakaa kwenye usukani wa basi la Wikitoria akisubiri tangi lijae. Akaona amalizie kodi pale pale, akasoma namba iliyokuwa kwenye kioo mbele yake, akalipa. Jioni Wikitoria akaja na skonzi.

"Dada, mimi niliomba pampu. Kilomita sikuomba, ila nimeshaanza kupanga safari."

Desmond alicheka mpaka akashika mbavu. Glenys akamsukumia simu. "Haya, rekebisha."

"Kosa lako, barua yako," akamjibu, akakunja mikono.

Glenys aliandika barua kwa ofisi ya kodi ya barabara, ikakataliwa. Akaandika ya pili, kali zaidi, na kilomita zikarudi. Desmond aliisoma hiyo ya pili kwa sauti mbele ya kambi nzima, na sijapata kumwona ana fahari kama siku ile. Februari Glenys alilipeleka basi kwenye ukaguzi peke yake, breki na faili, likapita.

Desmond alifariki ndani ya basi, Kaikoura, asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2024, Glenys akiwa amemshika mkono. Nilikuwepo. Tulilia sana, na mimi bado nalia.

Ijumaa Murray alifika na tela ya kuhamisha vitu vya mama yake. Alimkuta juu ya paa akiziba ufa kabla mvua haijanyesha. Mezani palikuwa na bima na usajili, vyote vimeshahamishiwa jina la Glenys. Murray alivisoma kimoja kimoja, kisha akatoka nje.

"Mama, kwa hiyo tela nimeileta bure?"

"Si bure, mwanangu. Humo hamna ngazi? Hii yangu inayumba."

Murray akateremsha ngazi, akaishika.

Marehemu ameacha mdogo wake Noeline, wa Oamaru. Mwanawe Murray, mkwewe Philippa na wajukuu wawili, Callum na Bridie, wa Timaru. Na mkewe Glenys, wa ndani ya basi, ambaye baada ya chai anaelekea kaskazini. Lala salama, kaka yangu.