Kitambaa Juu ya Dashibodi

Tangu Namanga, kila gari walilokutana nalo lilimpigia dereva Burale taa. Naye kila mara alipunguza mwendo, akidhani anaonywa kuwa polisi wako mbele. Polisi hawakuonekana. Shirleen, kwenye kiti cha nyuma, alishukuru tu kwamba leo gari haliendi mbio.

Mwalimu Otiende, aliyeketi mbele, ndiye aliyechoka. "Dereva, wanakuambia umewasha taa, na ni saa sita mchana."

"Niliweka taa kwa AUTO, mwalimu, zinajiwasha zenyewe. Hii gari ya Japani inajua usiku na mchana kukushinda."

"Inajua ikiona. Jicho yake iko hapa kwa dashibodi, na wewe umeifunika na kitambaa."

Kilikuwa kitambaa cha uzi wa rangi ya waridi, kilichofumwa kwa mkono. Otiende akakikunja upande mmoja, taa zikazimika. Burale akakiacha hivyo mpaka wakapita Isinya, na Shirleen akaona mwalimu ameshinda.

Walipokaribia steji ya Kitengela, Burale akakitandaza tena, akakinyoosha pembe zote. Taa zikawaka.

"Si nimekueleza?" Otiende akauliza.

"Nimeelewa kabisa, mwalimu. Lakini bibi yangu ndiye alifuma, na ndiye yule amesimama pale na chakula yangu."

Gari likasimama.