Umuduri wa Mama Therese

Baba Padri, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, katekista wetu, wageni waalikwa mliotoka Kihanga na Kiruruma, wanakwaya wenzangu, na wewe Mama Therese Mukantabana uliyekaa hapo mbele ukijifanya kutazama viatu vyako: wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, msijisumbue kuniamkia, nimeshaitikia.

Nimeambiwa niseme kidogo, kwa kuwa mimi Kokwijuka ndiye mwalimu wa kwaya, na tena ni jirani wa Mama Therese, migomba yangu na yake haina mpaka unaoeleweka. Nitajaribu. Nikilia mnivumilie, maana nimeanza kulia tangu asubuhi jikoni, na leo sikuweza kusingizia moshi.

Sote tunajua kilichotuleta. Mama Therese aliingia Karagwe mwaka sitini na mbili akiwa bibi arusi, yeye na mumewe Celestin Twagirayezu, wakikimbia mauaji kwao Rwanda. Wakafanya vibarua kwenye kahawa za watu, wakapata kiwanja hapa Igurwa, wakapanda migomba yao, wakawa wetu. Mungu hakuwajalia watoto. Mwaka jana mauaji yaliporudi kule, ndugu zake waliisha. Amebaki binti mdogo wa kaka yake, Dafroza, analelewa na watu baki, na kesho Mama anakwenda kumlea. Anakwenda peke yake, kwa sababu Celestin tulimzika mwezi wa pili, hapo nyuma ya kanisa. Nani kati yetu angethubutu kumwambia asiende? Na nani kati yetu anataka aende?

Tulipomaliza matanga, Mama alikuja kwangu. Hodi yenyewe hakupiga, alikohoa tu mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, nataka kujifunza kupiga chombo. Nitafutie kilicho rahisi, kisicho na gharama. Nimeambiwa nyumba ya kaka yangu imekuwa kimya sana."

Jamani! Mama ambaye hajawahi kushika hata kayamba la kwaya! Nikaita kamati, tukakaa.

Katibu wetu Gosbert, ambaye hajui kuwaza jambo dogo, akapendekeza gitaa. Gosbert, nyuzi zikikatika zitatoka wapi? Mwingine akasema ngoma. Lakini ngoma inataka wachezaji, na kule Mama hana wa kumchezea. Kayamba nalo linamfaa mwenye waimbaji wenzake, ukilitikisa peke yako ni sawa na kupepeta mtama. Filimbi ya mwanzi ni bure kabisa, nikampa ajaribu. Akatoa pumzi tupu, akacheka, akanionyesha pengo lake. "Mwalimu, upepo unapitia dirishani!" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Chombo kilichobaki kila mmoja alikijua, na hakuna aliyetaka kukitaja.

Umuduri. Ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, unaoegemezwa kifuani na kugongwa kwa kijiti. Mti unakata porini, waya unaokota, kibuyu unapanda mwenyewe kando ya jiko. Kuna chombo rahisi kuliko hicho? Celestin ndiye aliyetufundisha, pale uwanja wa shule, Mama Therese akiwa shambani.

Mnakumbuka siku ya vibuyu? Alisema kila mtu aje na cha kwake. Nasi, watu wa rubisi tusiojifahamu, tukaja na vile vya nyumbani vya kunywea hiyo pombe ya ndizi, vilivyolowa tangu enzi za babu zetu. Cha Gosbert kilikuwa bado kina maji maji ndani. Tukafunga, tukagonga, wapi! Ilikuwa kama kugonga gunia la maharage. Celestin akapita akinusa kimoja kimoja, akasema, "Hivi vimelewa, haviwezi kuimba." Akatugawia mbegu, tukasubiri msimu mzima. Mbegu zile, wapendwa, alizihifadhi Mama Therese. Kila kibuyu kinachoimba katika kigango hiki kimetoka bustanini kwake.

Basi nikamwambia, "Mama, chukua umuduri wa marehemu." Akakataa. Celestin alikuwa ameagiza akifa uzi wake ulegezwe na usikazwe tena, na tuliulegeza pale kaburini mkiona. Tukamtengenezea mwingine, akawa anakuja kwangu kujifunza.

Kumbe nimfundishe nini? Ule wimbo ambao Celestin aliupiga kila jioni barazani, Mama akipika ndizi, ulikuwa tayari mikononi mwake. Hakukosea hata mahali pamoja. Ila alipofika pahali fulani kijiti kikasimama. Akaanza upya, kikasimama palepale. Nikamwambia, "Mama, endelea."

"Mbele sikujui."

"Utakosaje kukujua, Mama, miaka yote hii?"

Akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa namwita. 'Twagira, njoo ule, ndizi zinapoa.' Naye alikuwa anaacha, anakuja. Sikuwahi kumwacha amalize."

Ndugu zangu, mwisho wa wimbo ule mimi naujua. Gosbert anaujua. Hata watoto wa kipaimara wanaujua, maana sote Celestin alitufundisha. Mtu pekee asiyeujua ni yule aliyekuwa akipigiwa. Nikanyoosha mkono nikichukue kijiti nimwonyeshe. Mama akakikumbatia kifuani.

"Hapana, Mwalimu. Usinifundishe. Nikiujua mwisho, nitamwita saa ngapi?"

Iliniuma, na inaniuma sasa hivi nikiwa nimesimama hapa. Nimefundisha muziki muda mrefu, nikigombeza watu wamalize nyimbo zao, na siku hiyo nilimwachia kijiti chake. Nilikwenda nje nikajifanya natafuta kuni.

Mama Therese, inua kichwa ututazame. Umuduri huu mpya ni wako. Kibuyu chake hakijaonja rubisi, tulimchunga Gosbert vizuri. Na kitambaa hiki kilichofungwa fundo kina mbegu zako ulizotuhifadhia, tunakurudishia. Kampandie Dafroza kando ya jiko. Naye akikua akupigie jioni, umwite ale chakula kikiwa cha moto. Kaburi la mzee usiwe na wasiwasi nalo. Tutalipalilia sisi.

Baba Padri, nakushukuru kwa kuturuhusu uwanja huu. Mheshimiwa Diwani na wageni wote, ahsanteni kwa kuja na kwa kunivumilia, mimi na machozi yangu.

Sasa, wanakwaya, shikeni vyombo. Tutaupiga wimbo wa Celestin hadi pale kijiti kiliposimama, si zaidi. Tukifika pale tunanyamaza sote, na mtu yeyote asipige makofi. Ndizi ziko tayari hapo nyuma, bado za moto. Mama Therese, tukinyamaza, mwite.