Risala ya Watu wa Mlango wa Jikoni kwa Kaka Mkubwa

Mgeni rasmi, kifungua mimba wa nyumba hii, uliyezaliwa katika chumba kile cha pembeni ambacho leo kinaitwa chumba chako cha kupumzikia;

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi bila kuombwa na mtu;

Jirani yetu wa duka la kona, mwenye spika hizi;

Wakwe, wajukuu, na ninyi marafiki wa nyumba mliokuja na sahani zenu kama kawaida:

Tunawasalimu kwa heshima ya sikukuu ya taifa letu.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi watoto, wajukuu, wakwe na majirani wa nyumba ya Mama tuna furaha isiyo kifani kukupokea. Katibu muhtasi wako alipotupigia simu alitukumbusha tuandike maneno hayo, "furaha isiyo kifani," na sisi si watu wa kubishana na ofisi. Alisema pia risala isiwe ndefu, isilalamike, na iwe na vipengele. Vipengele vipo. Hayo mengine tutaonana mbele ya safari.

Pole na safari. Tunajua kwamba kutoka kwako mpaka hapa ni mbali sana, maana kungekuwa karibu tungekuwa tunakuona.

Bila shaka macho yako yameshakimbilia kiti cha kulia kwako, kile chenye kitambaa cheupe na utepe. Kiko kitupu. Mpanga viti hajakosea. Hicho ni kiti cha Mama, na sababu za Mama kutokukaa hapo zitasomwa kwenye kipengele cha changamoto. Tunaomba uvute subira, kama sisi tulivyoivuta tangu asubuhi.

HISTORIA FUPI

Sikukuu hii ilisherehekewa katika nyumba hii kabla wewe hujawa mtu mkubwa, na zamani hizo haikuwa na ratiba. Baba aliweka redio dirishani, akafungulia sauti mpaka mwisho, na gwaride lililokuwa likipigwa huko uwanjani tulilipiga sisi hapa uani. Ufagio ndio bunduki, mwiko ndio upanga. Kamanda ulikuwa wewe, sufuria kichwani. Mama alisimama kwenye ngazi ya jikoni, mikono imejaa unga, akapokea saluti.

Watu wote waliingia kwa mlango wa jikoni. Kila aliyekuja alipita jikoni, akafunua sufuria, akalalamika kwamba nyama ni ndogo, ndipo akatoka uani kutafuta mahali pa kukaa. Mlango wa mbele ulikuwa wa watu wa bima na wa kuleta habari za misiba.

Mwaka mmoja uliamuru kikosi kirudi nyuma. Ukarudi nyuma wewe kwanza, ukaanguka kisogo kwenye ngazi ile. Sufuria ikabonyea, kisogo kikapasuka. Mama alikilaza kichwa chako mapajani mwake mpaka gwaride la redioni likaisha, na wewe katikati ya kilio ukawa unauliza, "Sasa kikosi anaongoza nani?" Tangu siku ile Mama akawa na desturi yake. Mtoto wake akiingia, humpitishia mkono kichwani kabla ya salamu. Kwako vidole vilikuwa vinasimama penye kovu, ndipo anasema, "Haya, karibu." Sufuria yenyewe bado ipo, na ndiyo iliyopika wali ambao kwa mujibu wa ratiba hutaula.

Kisha ukapandishwa cheo. Mdogo wako wa mwisho, ambaye ndiye anayesoma hapa, aliandika risala ya utani ya kukupongeza. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakuita mgeni rasmi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulifuta machozi, ukasimama, ukatoa hotuba. Ulipokuwa unaondoka ukatuambia, "Imenigusa sana. Ila mwakani iwe na vipengele." Tukadhani na wewe unatania. Hapo ndipo tulipoingia mkenge.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi.

Tumefanikiwa kuwafundisha wajukuu wa nyumba hii kukaa na njaa kwa adabu. Chakula kinaiva mapema, kinafunikwa, kinakusubiri. Ukichelewa kinapoa. Ukifika kinaendelea kupoa, kwa kuwa wimbo wa taifa, risala, hotuba na picha lazima vitangulie. Ukishaondoka tunakipasha moto, na hapo nyama inakuwa kama soli ya kiatu. Mwaka juzi shemeji mmoja alimpenyezea mtoto wake kipande mkononi, na msaidizi wako akamkazia macho kama aliyemkuta anaiba nyaya za umeme.

Tumefanikiwa pia kujenga jukwaa. Ulitutumia ujumbe kwamba kiti chako kilikuwa usawa mmoja na viti vya watu wengine, na kwenye picha haikuonekana nani ni nani. Lalamiko lako lilikuwa la kweli kabisa. Kwenye picha zile tulionekana ndugu. Ndugu yetu fundi seremala akatafuta mbao za upana unaotosha, akakosa. Shangazi akasema, "Mbona mlango wa jikoni upo? Si umekaa tu pale?" Tukaung'oa. Tukaulaza juu ya makreti ya soda, tukatandika zulia. Unaukanyaga sasa hivi.

Mlango ulikuwa urudi mahali pake jioni ile ile. Lakini msaidizi wako akapiga simu kutuarifu kwamba jukwaa umelipenda na libaki. Tangu sikukuu iliyopita jiko la mama yako limefungwa kwa pazia. Upepo ukivuma moto unazimika, paka wa mtaa mzima wamehamia, na Mama anapika na koti mgongoni. Sisi ndio tuliokubali, hatumsingizii mtu. Tulikuwa tumeshazoea kukubali.

Na tumefanikiwa kuisikia hotuba yako ya mwaka jana. Ulishika maikrofoni ukatuhimiza: "Sikukuu hii isherehekeeni pamoja na familia na marafiki." Tukatazamana. Familia ndiyo sisi tuliokuwa mbele yako. Marafiki ndio wale wa nyuma walioshika sahani tupu. Ukashuka, ukaingia kwenye gari, ukaenda kuwahimiza wengine.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba siku hizi hatukujui hata tukikuona. Mwaka jana gari lako lilitangulia likiwa na dereva peke yake, aje kuangalia pa kuegesha. Watoto walipoliona linang'aa wakaanza wimbo wa mapokezi. Dereva akashuka, akafungua mdomo aseme, shangazi akamvika shada la maua na kumwambia, "Nyamaza mwanangu, utasema zamu yako ikifika." Tukamshangilia, tukampandisha hapo ulipo, tukamkalisha karibu na Mama. Shangazi, aliyekubeba mgongoni ukiwa na meno mawili, hakushtuka. Kulikuwa na suti nyeusi, miwani nyeusi na gari jeusi, na kumbe hivyo ndivyo tulivyokuwa tunavipokea miaka yote.

Aliyejua ni Mama, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho na sasa hutambua mwanga na kivuli tu. Alimpitishia dereva mkono kichwani. Vidole vikatafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Akasema, "Huyu siye. Lakini ana njaa, mpeni chakula." Dereva akala. Ndiye mtu wa kwanza kula chakula cha moto katika sikukuu hii tangu upande cheo.

Baadaye ukaja mwenyewe, kwa gari la pili. Ukasimama hapo ukamshukuru mama mzazi kwa maikrofoni, na mama mzazi alikuwa ubavuni kwako. Aliinua mkono, akaunyoosha kuelekea sauti inakotoka. Msaidizi wako akauona, akadhani ana kiu, akamtia chupa ya maji mkononi. Mama aliishika chupa ile mpaka mwisho wa hotuba. Hakuifungua.

Watu walipoanza kutawanyika akauliza, "Amekuja?"

Tukamwambia, "Amekuja, mama. Si ndiye aliyekuwa anahutubia?"

Akasema, "Spika nimeisikia. Yeye yuko wapi?"

Wakati huo gari lilikuwa limeshapinda kona ya duka.

Mgeni rasmi, shangazi alitushauri hapa tuandike kwamba tulisikitika kidogo. Tulikasirika. Tulikasirika na wewe, na msaidizi wako, na chupa yake, na sisi wenyewe tuliosimama kwa mstari tukipiga makofi. Usiku ule hakuna aliyeosha vyombo.

Basi leo asubuhi tulipokwenda kumchukua Mama tumlete kwenye kiti chenye utepe, alikataa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni, anachambua mchele kwa vidole. "Sitoki," alisema. "Kule nje mimi ni pambo. Anayenitaka anaijua njia." Shangazi akaingia kumbembeleza: "Wifi yangu, itakuwa aibu mbele za watu." Mama akamuuliza, "Aibu ya nani?" Shangazi alirudi amenywea, na ndiyo maana amekaa pale pembeni anajipepea na ratiba yako.

MAOMBI

Mwaka juzi tuliomba utusaidie Mama aonwe na daktari wa macho. Ukajibu kwamba suala limepokelewa. Hatujui lilipokelewa na nani, ila halikurudi. Mwaka jana tuliomba jenereta, tukaletewa kalenda yenye picha yako, tena ya mwaka uliokwisha. Kwa hiyo safari hii hatuombi kitu chochote kinachohitaji saini.

La macho tumeliondoa kwenye mikono yako. Fundi seremala ameshahangaika, siku imepatikana, na wiki ijayo atampeleka Mama kufanyiwa upasuaji. Madaktari wanasema ni jambo dogo. Mama anasema madaktari ni watoto, na watoto husema chochote. Tunavyomjua, ana hofu ambayo hataki tuione. Kabla hajaenda anataka awapitishie watoto wake wote mkono kichwani. Amekuwa akifanya hivyo tangu juzi, mmoja baada ya mwingine, kila anayekuja. Hata shangazi, ambaye si mtoto wake, alipita akatoka analia. Amebaki mmoja.

Ombi letu basi ni hili. Shuka.

Shuka hapo juu sasa, kabla ya hotuba. Hotuba yako tunaijua, wajukuu wanaiigiza vizuri kuliko wewe. Vua hilo koti, ondoa zulia, shika upande mmoja wa mlango. Seremala atashika mwingine. Ni mzito, haubebwi na mtu mmoja, na msaidizi wako haruhusiwi kuugusa. Bawaba na skrubu ziko mfukoni mwa seremala tangu alfajiri. Shemeji amezisikia zikilia kila fundi anapokaa. Ukiona unatembea kinyumenyume, angalia ngazi ile. Mnafahamiana.

Mkiufikisha, msiupachike kwanza. Uegemezeni ukutani, uingie. Hapana haja ya kubisha hodi, tumekwisha kukuambia hapana mlango. Uiname, kwa sababu Mama amekaa chini, na mkono wake siku hizi haufiki juu kama zamani. Usimweleze chochote kuhusu ofisi. Atakipata kisogo mwenyewe.

Kama ombi hili ni kubwa mno, ratiba iendelee kama ilivyo: hotuba, picha, gari. Ila gari utaliendesha wewe. Dereva wako usimtafute nje. Aliingia kwa njia ya jikoni mara tu alipoegesha, akapitishiwa mkono, akaambiwa amekonda, na sasa hivi anakula.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tulimuuliza Mama kama ana neno la kuongeza katika risala hii, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Sisi tulikuwa tumeshika kalamu, tukitarajia maneno ya uchungu, na wengine wetu tulikuwa tumeyapania kwa hamu. Akasema tu, "Mwambieni wali bado wa moto."

Mungu ailinde nchi yetu, ambayo haijawahi kumwagiza mtu yeyote ale chakula baridi kwa ajili yake. Mungu ampe Mama macho yake. Na wewe kaka, akujalie ngazi uione safari hii.

Ni sisi wako,
Watu wa Mlango wa Jikoni.

Imesomwa na mdogo wako wa mwisho, ambaye sasa anazima maikrofoni, ili Mama asikie kama kuna nyayo zinazokuja.