Wangechi Aliyesoma Barua kwa Masikio

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Idah Wangechi anastaafu baada ya kutumikia kiwanda chetu cha nguo, Thika, kwa miaka thelathini na minane. Aliajiriwa mwaka 1987 kama mpiga taipu, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Siku hizo chumba cha taipu kilikuwa na mashine sita, na mlio wake ulifika hadi getini. Ukikosea, Wangechi alikuwa ameshasikia. "Umeruka herufi," alikuwa akisema bila kuinua kichwa.

Asubuhi moja mwaka 1992 alimsikia sekretari wa meneja, ng'ambo ya ukuta wa plaiwudi, akipiga barua ileile mara kumi na moja. Taipureta ile Wangechi alikuwa ameitumia miaka mitatu, na kila herufi aliijua kwa mlio wake. Zilikuwa barua za kufuta watu kazi. Kilichobadilika ni jina tu, na la mwisho lilikuwa la Kanini, mfumaji aliyekuwa na mimba ya miezi saba.

Aliogopa. Mwanawe Kinuthia alikuwa bado ananyonya. Hata hivyo aligonga mlango wa meneja, akakiri alichosikia, akamwombea Kanini. Meneja alicheka. Akamwambia ageukie ukuta, naye akapiga sentensi moja kwenye taipureta ileile kwa vidole viwili. Wangechi akaitamka yote, kisha akaongeza, "Na hapo mwishoni umekosea, mzee, ukarudi nyuma."

Kicheko kikaisha. Kanini alihamishiwa ufungashaji, akabaki nasi hadi 2014. Wale kumi wengine waliondoka. Yeye mwenyewe alipelekwa stoo ya Ruiru kwa miaka minne, na ukuta wa plaiwudi ukabomolewa, ukajengwa wa mawe.

Ruiru hakukaa akinuna. Saa ya chakula aliwafundisha wafanyakazi wa stoo kupiga taipu. Wawili kati yao, Wanyoike na Trizah, sasa ni wakuu wa idara. Aliporudi Thika alikabidhiwa masijala. Kompyuta alizijua kwa wiki mbili, ila alisema ofisi imekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu.

Sasa anaenda nyumbani Ngoingwa, kwa kuku wake na wajukuu wawili. Mama Kinuthia, asante kwa kugonga mlango ule. Mungu akupe miaka mingi, yenye afya na vicheko.