Mama Saliha, Kibati cha Wino na Majembe ya Jumamosi

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Mama Saliha, sekretari wa shule yetu hapa mtaani Musaga, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Wakuu wa shule sita wamepita mbele ya meza yake. Mashine moja ya kuchapia imemfia mikononi, kompyuta mbili zimefuata, na funguo za ofisi bado ni zilezile, zimefungwa kwa kipande cha kitenge chake cha kijani. Mimi Dorothée, mwalimu wa darasa la nne, ndimi niliyepewa kazi ya kuandika habari zake. Nimeonywa nisitie chumvi, kwa sababu atausoma ukurasa huu akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akaja kwetu mwaka 1992 akiwa bado binti wa kuchapa barua kwa vidole viwili. Miaka ya shida ilipofika na shule ikafungwa kwa majuma mengi, alifunga madaftari ya majina kwenye plastiki, akayahifadhi chini ya kitanda chake. Shule ilipofunguliwa, kila mtoto aliyerudi alikuta jina lake. Sisi walimu tunamkumbuka pia kwa jambo dogo zaidi: ukichelewa dakika tano, unakuta chaki zimeshafungiwa kabatini, na hupewi mpaka uombe kwa adabu. Mimi nimeomba mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Lakini kazi yake kubwa, na anayoipenda kuliko zote, ni kamati ya wazazi na walimu. Ndiyo maana barua ya kustaafu ilipokuja mwezi wa tano haikumfurahisha. Kanuni ya kamati ni fupi: anayeketi ni mfanyakazi wa shule, au mzazi au mlezi wa mtoto aliyeandikishwa. Watoto wake wanne walisoma Buyenzi na wamekwisha kuwa watu wazima. Aliisoma barua, akaikunja, akamshukuru mkuu wa shule, kisha akauliza swali moja tu: "Na Jumamosi nitakaa wapi?" Ili mgeni aelewe uzito wa swali hilo, inabidi turudi hadi mwaka 2009.

Wakati ule mikutano ya wazazi ilikuwa Jumatano saa nane mchana, saa ambayo nusu ya Musaga iko mjini kazini. Tena barua ya kuwaita wazazi ilikuwa moja kwa mambo yote. Mtoto akivunja dirisha, barua ileile. Mkutano wa kawaida, barua ileile. Mzazi akiiona alijua ni balaa, na wengi walituma mtu mwingine. Watoto wenyewe walijifunza kuazima wazazi. Aliyeazimwa kuliko wote alikuwa Sébastien, fundi wa baiskeli aliye mbele ya lango letu, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mtoto anayelia. Alikuja mikutanoni akiwa na grisi mikononi, akajitambulisha kuwa baba mdogo, akakaa nyuma kabisa, akaitikia kila kitu.

Mama Saliha alikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio. Pembeni ya daftari kulikuwa na kibati cha wino wa zambarau, alichokuwa anajivunia sana. Anayejua kuandika atie sahihi, asiyejua abonyeze kidole gumba, ili kila mzazi awe ameacha alama yake. Aliona hiyo ndiyo heshima. Na hakuna kitu kilichomuudhi kama daftari lenye uongo. Alihesabu kimyakimya, akagundua kwamba Sébastien amekuwa baba mdogo wa watoto saba wa nyumba saba. Siku aliyokuja kwa ajili ya Benite wa darasa la sita, Mama Saliha alimsimamisha mbele ya watu wote, akasoma yale majina saba kwa sauti, akamwonyesha mlango. Watu walicheka. Sébastien alivaa kofia yake akatoka.

Kesho yake Benite hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umebakiza majuma matatu. Asiyeufanya anabaki nyumbani, na tulijua jinsi wasichana wanaobaki nyumbani wanavyoishia.

Siku ya nne, Mama Saliha alipanda basi kwenda Zone Industrielle, eneo la viwanda, akamtafuta mama yake Benite, Ernestine, kati ya wanawake wanaochambua kahawa kwenye maghala. Alikwenda na maneno makali ameyapanga tayari. Alikuta mtu asiyejua kitu: Ernestine alitoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiingia, na alidhani mwanawe anasoma. Walikaa juu ya gunia. Ernestine akasimulia kwamba mwaka mmoja aliwahi kuomba ruhusa akaja mkutanoni, akabonyeza kidole mbele ya majirani zake wenye kalamu, akarudi nyumbani kwa mguu, mkono umefichwa ndani ya kitenge. Benite aliuona ule mkono. Tangu siku hiyo, barua ya shule ikitoka, mtoto anaificha na kwenda kwa fundi wa baiskeli.

"Mi sikuogopa shule, mama," Ernestine alimwambia. "Niliogopa ile wino yako."

Haya sikuyabuni. Mama Saliha alitusimulia mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amesimama katikati ya chumba cha walimu, na alisema wazi kwamba kosa ni lake na kwamba alilia ndani ya basi mpaka abiria wakampisha kiti. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akikiri hata kosa la nukta. Asubuhi iliyofuata alipita nyumbani kwa Benite, akamleta amemshika mkono, na kabla ya kuingia langoni akasimama kwa Sébastien aliyekuwa anaziba tairi, akamwomba msamaha wanafunzi wakisikia. Kibati cha wino kilifungiwa kabatini pamoja na chaki. Kimekauka, bado kiko huko. Benite alifanya mtihani na akafaulu.

Baada ya hapo Mama Saliha alibadilisha kila kitu, taratibu, bila kelele. Alimshawishi mkuu wa shule mkutano uhamie Jumamosi saa nne na nusu, kazi za jamii za kila Jumamosi asubuhi, za kulima na kusafisha mitaa, zinapokwisha na watu wote wako mtaani na matope miguuni. Barua ikaachwa; habari ikapita mdomo kwa mdomo, kuanzia kwa Sébastien. Langoni Mama Saliha aliwasalimu wazazi mmoja mmoja kwa majina, akayaandika mwenyewe baadaye wakishaondoka. Wazazi wakaegemeza majembe yao kwenye ukuta wa ofisi, na yeye akayatumia kuhesabu waliohudhuria. Jumamosi ya kwanza majembe yalikuwa kumi na moja. Siku hizi ukuta hautoshi. Yeye peke yake hakuwa na jembe pale, maana alibaki shuleni akipanga viti.

Kamati hiyo ndiyo iliyosimamisha tena uzio mvua ilipoubeba. Ndiyo iliyodai milango kwenye vyoo vya wasichana, ikaanzisha darasa la kusoma la watu wazima Jumapili mchana. Sébastien amekuwa msimamizi wa kuvusha watoto barabara. Ernestine, mwanafunzi wa kwanza wa lile darasa, ambaye mwanawe wa mwisho bado anasoma hapa, leo ni makamu wa mwenyekiti, na akishika agenda hakuna anayezungumza nje ya mada.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulikuwa mapema mwezi huu. Mama Saliha alikaa benchi la mlangoni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Agenda ilipokwisha, Ernestine aliomba daftari la uandikishaji la Septemba. Benite sasa anauza vitambaa kwenye duka moja la mtaa wa Asiatique na huondoka na basi la kwanza, hata Jumamosi. Binti yake, Chanelle, anaanza darasa la kwanza. Kwenye mstari wa mlezi atakayehudhuria mikutano, Ernestine aliandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, herufi baada ya herufi, watu wote wakisubiri: Saliha. Ndipo Sébastien akasimama kupinga. Alisema huyo ni bibi wa kuazima, na kwamba yeye ana ushahidi wa miaka mingi kuwa shule hii hufukuza ndugu wa kuazima. Mama Saliha alicheka mpaka akavua miwani. Akaendelea kuifuta muda mrefu baada ya sisi kumaliza kucheka.

Mama Saliha, asante kwa majina uliyoyalinda na kwa wino ulioufungia. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wasiochelewa. Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne na nusu, tunakusubiri kama wazazi wengine. Ukutani tumekuachia nafasi ya jembe lako.