Sauti Iliyoishia Sura ya Sita

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Sauti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugeuza vitabu vya chuo hiki viwe vitu ambavyo wanafunzi wenye ulemavu wanaweza kuvisoma. Uongozi umeshtuka sana, utadhani tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa siri.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa maktaba. Siku moja mwanafunzi asiyeona aliuliza kitabu chake cha uchumi atakisomaje. Wakubwa wote wakapata vikao vya dharura, akabaki Mama Sauti peke yake kwenye kiti. Hivyo ndivyo kitengo kilivyozaliwa. Kilipewa chumba ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake imeharibika tangu iwekwe, ili wanafunzi wanaotumia viti vya magurudumu wasimchoshe kwa maswali. Yeye akashusha meza yake hadi chini ya ngazi. Alipewa barua ya onyo, akaitumia kujaribia mashine mpya ya nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole.

Wahadhiri nao hawakumwangusha. Akiwaomba nakala laini, walimpa picha za kurasa walizopiga kwa simu, kidole gumba kikiwa kimelalia aya ya pili. Kompyuta inayowasomea wasioona ikifika hapo husema neno moja tu: picha. Basi Mama Sauti alivuta kiti, akawasha kinasa sauti na kusoma kitabu kizima mwenyewe, pamoja na majedwali na michoro, mpaka sauti ikamkauka.

Tatizo ni kwamba mama huyu ana mdomo. Mwaka jana alikuwa akisoma kitabu cha takwimu cha mhadhiri wetu mmoja mwandamizi. Alipofika kwenye jedwali fulani alisahau kuzima mashine, akasema: "Hapa mwandishi kateleza, jumla haifiki mia. Tuendelee, atajua mwenyewe." Msichana mmoja asiyeona aliyakariri maneno hayo kama sehemu ya somo, akayaandika kwenye mtihani, neno kwa neno. Mhadhiri alipandisha mori, akamnyima alama, akataka msichana afukuzwe kwa kumtukana. Mama Sauti akaingia kikaoni bila kualikwa, kikokotoo mkononi, akawaomba waheshimiwa wajumlishe. Walijumlisha mara nne. Ilitoka tisini na mbili. Msichana alirudishiwa alama zake, na toleo jipya la kitabu linamshukuru "msomaji makini" ambaye jina lake, kwa bahati mbaya, lilikosa nafasi.

Msichana huyo sasa yuko mwaka wa mwisho. Kitabu anachotakiwa kufanyia mtihani mwezi ujao kina sura kumi na mbili, na Mama Sauti amefika ya sita. Uongozi umeshatangaza nafasi yake: mwombaji awe na uzoefu wa miaka kumi katika kazi ambayo hapa chuoni imewahi kufanywa na mtu mmoja tu.

Mimi ni mtu wa fotokopi, chumba kilicho jirani na ngazi zake. Kwa miaka kumi na minne nimemcheka Mama Sauti akiongea na ukuta, na sikuwahi kumwuliza kama anahitaji hata maji ya kunywa. Naona aibu. Jumatatu iliyopita nilipiga hodi mezani kwake, nikamwomba anifundishe. Nimesharekodi kurasa nne. Msichana alizisikiliza zote, kisha akaniambia kwa adabu: "Kaka, unasoma vizuri, ila hata mimi nasikia kwamba huelewi."

Mama Sauti, ahsante kwa kila ukurasa. Tunakuombea mapumziko ya raha, koo lako lipoe, na usisome tena chochote usichokipenda. Ila simu, tafadhali, usiizime. Katika sura ya saba kuna mchoro ambao nautazama kwa macho yangu mawili mazima, na siuoni.