Siku Walipoing'arisha Rupia ya Donatus

Kijiwe cha kahawa cha Mwanaima kiko pale karasha la kwanza, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, linapotemea vumbi lake, ukiingia Nyarugusu ya mkoani Geita. Benchi lenyewe ni magogo mawili yaliyokataliwa kwenye duara la wachimbaji, na wenye benchi ni walewale kila siku. Yupo Masudi, broka wa dhahabu, anayeitwa Tindikali kwa ajili ya vichupa vyake vya kupimia. Yupo Edson fundi simu, anayeitwa Waya. Na yupo Marwa, anayeitwa Kamati, kwa sababu hakuna jambo mtaani ambalo hajaliitia kikao. Mtu mwenye kitu cha kuuza, nakwambia, asipite pale. Apitie njia ya mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, hata kama ina tope. Donatus akapita palepale, tena asubuhi kweupe, akakaa na akaagiza kahawa.

— Mwangaluka, jamani.

— Mwangaluka. Hicho kitambaa umefungia nini? aliuliza Kamati.

Donatus akafungua. Ilikuwa sarafu nyeusi tii. Upande mmoja mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma, upande wa pili simba na mti, na juu kabisa tundu, maana marehemu baba yake aliivaa shingoni mpaka siku anazikwa.

Sarafu hiyo ilikuwa imemkosesha Donatus raha mwaka mzima. Walipogawana vya marehemu, dada yake Melania alichukua mtamba, yeye akachagua sarafu, kwa hesabu kwamba kitu cha Mjerumani hakikosi bei. Mtamba ameshazaa. Ghati, mkewe, kila jioni humuuliza hiyo sarafu inakamuliwa lini. Basi juzi mama mmoja wa Shinyanga, Noela, mnunuzi wa vitu vya zamani, aliona picha yake kwenye simu. Akasema ni rupia mbili ya mwaka 1894, haziko nyingi, na tundu ameliona, si neno. Atatoa bei ya mtamba mzuri, ila kwanza aone hali yake kwa macho yake.

— Anafika na basi la saa nne, Donatus alimalizia.

— Na utampa ikiwa hivi? Tindikali aliuliza.

— Ndivyo alivyoiona kwenye picha.

— Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nikipeleka dhahabu Geita na udongo wake, napewa bei ya udongo. Kasema anataka kuona hali. Sasa hii ni hali gani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki chako kimetembea mpaka kimeungua jua.

— Huo si uchafu, alisema Kamati. Hiyo ni rangi. Wajerumani walizipaka wenyewe wakati wanakimbia vita, ili Mwingereza asijue ndani mna dhahabu.

— Nani kakwambia? aliuliza Donatus.

— Babu yangu alikuwa kwenye kamati ya kuzipaka.

Donatus alicheka, lakini neno dhahabu lilikuwa limeshamkaa. Kama ndani mna dhahabu, huyo mama hatatoa mtamba mmoja. Atatoa wawili.

— Hata kama ni uchafu, Mwanaima alisema akiwamiminia kahawa, birika langu mnaliona linavyong'aa? Majivu na ndimu. Nipe dakika tano.

Akampa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyanyuka, lakini Donatus alikuwa anajua kazi moja tu maishani, kutoa kitu ardhini na kukisafisha mpaka bei ipande. Hajawahi kuona bei iliyoshuka kwa sababu ya usafi. Mwanaima alisugua kwenye beseni, maji yakawa kama wino, na sarafu ikatoka inameremeta. Masharubu ya mzungu yakaonekana unywele mmoja mmoja.

— Sasa tuthibitishe ndani, alisema Tindikali akitoa kichupa. Tone moja tu, pembeni. Mficha uchi hazai.

— Haitaharibika?

— Dhahabu haiogopi tindikali.

Tone likadondoka. Povu la kijani likatoka, na pembeni pakabaki doa la rangi ya maziwa yaliyoganda.

— Kumbe fedha, alisema Tindikali, bila haraka. Fedha inaogopa kidogo.

Donatus alinyoosha mkono. Akaiomba sarafu yake. Lakini ilikuwa imeshafika mkononi kwa Waya, aliyekuwa anachungulia barabara kupitia tundu.

— Hili tundu halikutobolewa na marehemu. Hapa walipitisha waya wa antena. Mjerumani alikuwa anapigia simu kwao kwa hii.

— Mwaka 1894? Donatus aliuliza.

— Kwao ilishakuwepo. Sasa mama wa watu anunue kitu kinachovuja? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Alisema tundu si neno, Donatus alisema.

— Alisema kwa upole tu. Watu wa Shinyanga ni waungwana.

Kamati akaitisha kura. Watatu wakanyoosha mikono, Mwanaima akanyoosha na birika, na Donatus, kwa kuona doa lile linahitaji kufidiwa na kitu, akanyoosha wa tano. Waya akachomeka kifaa chake cha kulehemu simu, akayeyusha risasi ya kulehemea, akaziba tundu na kulipiga msasa mpaka likalingana.

Saa nne na nusu Noela alishuka kwenye bodaboda iliyomtoa stendi, mama mtu mzima mwenye miwani na kioo cha kukuzia kwenye kamba. Wakamwamkia, naye akaitikia marahaba kila mmoja kwa zamu yake. Donatus akafungua kitambaa.

Mama yule alitazama simu yake. Akatazama sarafu. Akatazama simu tena.

— Baba, ile ya kwenye picha iko wapi?

— Ni hiyo, mama. Tumeisafisha.

— Na tumeiziba, aliongeza Waya.

Noela hakugombana. Aliweka kioo jichoni, akalipitia doa, akaupitia mshono wa risasi, akapumua.

— Wanaonituma wanalipia ule weusi, alisema. Unakaa miaka mia kujijenga. Ndio unaowaambia kwamba mkono wa mtu haujaichokoa. Tundu la mzee nililikubali, yeye aliivaa, hiyo ni habari yake. Hii ya sasa bei yake ni uzito wa fedha, na hata huo sijui niutoeje humu kwenye risasi.

Donatus aliona aibu na uchungu vinampanda kwa pamoja. Alitaka kusema Ghati atamuuliza nini jioni, akaona halihusu.

Noela akawageukia wote, kwa upole uleule:

— Huo weusi, mnaweza kuurudisha?

Waya aliinamia waya zake. Kamati hakuitisha kikao. Tindikali, anayejua dawa ya kuondoa kila kitu, akafungua mfuko wake, akatazama vichupa kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akaufunga.